Saa Kumi Mara Tatu

Mwaka mzima barabara hii ni yangu.
Naipita na gari la manjano la posta,
mwendo wa hamsini, breki kila lango:
bili ya umeme kwa Bi. Leclainche,
kadi ya mjukuu kwa mzee Bouvet
(humsomea mimi, mguu mmoja nje ya gari).
Najua kila kiraka cha lami
kutoka mjini hadi kona ya Mulsanne.

Leo imefungwa kwa vyuma.
Nimevaa ovaroli la rangi ya chungwa,
nimepewa fungu la bendera, filimbi,
mkate wenye jibini, na namba ya kituo.

Saa kumi alasiri yanaachiwa.
Huyasikii kwa masikio kwanza. Ni kifuani,
kama kabati linaloburutwa darini.
Halafu sitini na mawili, yote, mkupuo mmoja,
na upepo wake unanivua kofia.
Kuku wa Bi. Leclainche hawatataga hadi Jumatano.

Jua la Juni huku ni mgeni asiyejua kuaga:
saa tatu usiku bado limekaa,
linakunywa mvinyo na watu wa mahemani.
Likiondoka, ndani ya kila gurudumu
jiko limewashwa, breki zimegeuka makaa.
Harufu ya soseji. Harufu ya mpira.
Mtoto amelala mabegani mwa babake
na pamba masikioni.

Mbio za sakafuni, husemwa, huishia ukingoni.
Hizi huishia pale pale zilipoanzia,
na katikati mtu anazeeka.

Saa kumi ya pili, alfajiri,
namba sabini na moja ilizimika mbele yangu.
Timu ndogo: mafundi wanne na mkopo wa benki.
Dereva akatoka, Wannes Claerhout,
jina nililisoma mlangoni.
Nikapunga manjano.

Sheria ni hii: asisaidiwe na mtu.
Akiliacha gari akaenda zake, limekufa.
Alikuwa na spana, utepe mweusi,
na kitochi cha kubana kwa meno
ambacho nacho kilikufa.
Akapiga magoti kwenye majani yenye umande
akitafuta waya mmoja, mwembamba kama tambi,
kwa vidole vilivyotetemeka.

Tochi yangu ilikuwa mfukoni,
nzito kama barua isiyo na anwani.
Niliishika. Sikuiwasha.

Ila magari yaliyopita, ya wapinzani wake,
kila moja lilimkopesha nuru ya nusu sekunde.
Akafanya kazi kwa mikopo hiyo:
akiona, akikumbuka alichokiona,
akipapasa gizani, akingoja taa nyingine.

Dakika arobaini. Hakuinua uso ila mara moja.
"Saa ngapi, mama?"
"Saa kumi na nusu."
Akacheka, utepe mdomoni.
"Kumbe ndiyo kwanza tunaanza!"

Likakohoa. Likakohoa tena. Likaondoka.
Nikajikuta nimekunja bendera
kabla ya kuamriwa.

Mshindi simjui. Kituo changu hakioni jukwaa.
Saa kumi ya tatu nilisikia kelele toka mbali
kama maji yakimwagwa ndani ya pipa,
nasi wa kando tukapunga bendera zote,
hata zile zisizo na maana hapo.
Sabini na moja ikapita ya mwisho, jicho moja limepasuka.
Jina lake halikuingia kwenye orodha:
mizunguko haikutosha.

Jumatatu, mwendo wa hamsini.
Bili ya maji kwa Bi. Leclainche.
Katalogi ya mbegu kwa Bouvet.
Nikafika pale alipopiga magoti
nikasimama, ingawa hapana lango
wala sanduku la barua.
Kipande cha utepe mweusi kilikuwa kimeng'ang'ania majani.
Nilitaka kukiokota.
Nyuma yangu lori la maziwa
likapiga honi.