Kiraka cha Sekenke

Jumanne nafika Nala jua halijapata makali,
miguuni viatu vya mwanangu wa kiume,
mkononi kisu, sabuni ya mche, futi ya fundi.
Malori yamelala ubavu kwa ubavu,
pua nyingine Singida, nyingine Morogoro,
matairi bado yana joto la jana.
"Mama Maturubai huyo," wauza chai wanaambiana,
kama vile nimekuja kudai maiti.

Sichukui kila kitu.
La dagaa, hapana. Utaliosha mara saba,
na mara ya nane paka watakufuata mpaka kanisani.
La saruji limekufa limesimama,
ukilikunja linavunjika kama chapati ya juzi.
La mashudu lina mafuta, sindano inateleza.
Lakini la pamba, lililotoka Shinyanga,
hilo nalinunua nimenuna,
maana ukicheka mbele ya muuzaji
na bei nayo inacheka.

Naingia chini yake, nalala chali vumbini.
Utingo wawili wanalinyanyua, jua linapiga juu,
mashimo yanawaka: nyota za saa nne asubuhi.
Nazihesabu.
Zikipita arobaini, hapo hautoki mkoba,
linatoka chujio.

Ntandu ni mtu wa Iramba.
Shavu lake la kulia ni jeusi kuliko la kushoto,
miaka ishirini ya dirisha.
"Laki na nusu," akasema.
"Turubai lako lina umri wa mwanao."
"Mwanangu simuuzi."
Utingo akatema kapi la muwa, akatazama pembeni.
"Sitini."
"Mama, hili limefunika mahindi ya Kibaigwa, watu wa Kigoma wakala makavu."
"Nami silipii ugali ulioliwa."
Tukakutana themanini na tano,
yeye akaongeza kamba, mimi nikaongeza chai.

Nikaanza kukunja. Pembe moja hakuiachia.
Palikuwa na kiraka, viganja viwili upana,
mshono mnene, umepinda kama barabara yenyewe.
"Sekenke," akasema.
"Saa nane usiku, mvua, upepo umelichana,
chini yake sukari ya watu, tani thelathini.
Nimeshona kwa waya, kurunzi mdomoni.
Hicho usikitupe."

Mimi ni fundi. Aliyenifundisha
angeuona mshono ule, angenipiga rula.
Nikauvuta kwa mikono miwili, nikaweka na goti.
Haukusogea.

Chang'ombe, dumu la maji lina bei yake.
Yalikwenda madumu kumi na manne.
Kwanza likatoka vumbi jekundu la Manyoni,
kisha masizi, kisha kitu cha kijivu
ambacho mimi na Sechelela hatukukijua,
tukakimwagia mchicha.
Tulisafiri safari zake zote kinyumenyume
tukiwa tumeinama uani, na brashi.

Ilitoka mikoba ishirini na mmoja.
Dada mmoja wa ofisi za Mtumba akaigeuza yote,
akanusa, akavuta zipu mara tatu,
akaupenda ule mmoja.
"Ila hiki kiraka, mama, hakitoki?"
"Kinatoka," nikamwambia,
"ukienda nacho mwenyewe Sekenke usiku."
Akacheka. Akachukua wa bluu.

Basi ule umebaki wangu.
Ndani yake kisu, sabuni, futi,
na Jumanne nauning'iniza begani, kiraka nje.

Juzi Ntandu alipita bila kusimama.
Alipiga honi mbili, mkono dirishani,
sijui kama aliuona.
Nilichoona mimi ni turubai jipya, la kijani,
limekakamaa kama sare ya mwanafunzi siku ya kwanza,
halina hata nyota moja.
Nikapiga hesabu pale pale, miguu vumbini:
miaka saba; sita, mvua zikiwa mbaya.
Nitakuwa na sitini na mmoja.

Nikarudi nyumbani, nikaitia cherehani mafuta.