Wayo wa Bata Bukini

Pwani hii ya Wismar haina mawe.
Siku ya kugawiwa milima, kaskazini ilichelewa,
ikapewa ukungu, udongo, na samaki wa kutia chumvi.
Basi wakauoka mlima wao wenyewe,
tofali baada ya tofali,
kila moja zito kama mtoto wa miezi minne,
wakaupandisha hadi manahodha waliotoka Riga
wakauona kabla ya kuiona nchi.

Mimi ni Gesche. Babu yangu Detlof alisokota kamba za meli.
Kanisani alikwenda kwa mazishi tu,
na hata hapo alisimama mlangoni, kofia mkononi.
Lakini mwaka wa sitini, walipotega baruti
chini ya nguzo zilizosazwa na mabomu,
alikwenda. Mji mzima ulikwenda.
Mlio haukuwa kitu, alisema.
Ni lile vumbi:
jekundu, kimya, halina haraka,
likatua juu ya shuka zilizoanikwa,
juu ya ndoo za maziwa,
juu ya kipara cha mchungaji aliyesahau kuvaa kofia.

Mnara waliuacha. Si kwa huruma.
Meli zilihitaji alama ya kuingilia bandarini,
na asiyemwamini Mungu naye
hapendi chombo chake kipande fungu.

Usiku, babu akatoka na mkokoteni.
Safari nne. Hakumwambia mtu.
Akajenga banda la kuku,
mlango wake ukachongoka juu kama viganja vya mwombaji,
kwa kuwa yale matofali ya tao
yalikataa umbo jingine.
Miaka sitini kuku wetu walitaga
ndani ya karne ya kumi na nne.

Machi hii theluji ya mwisho ikaliangusha paa.
Nabomoa kwa patasi, kamasi zinanitoka,
nageuza tofali moja, na tazama:
vidole vitatu, na utando katikati.
Bata bukini.
Alikatiza uwanja wa mfyatua matofali
asubuhi moja kabla tanuri halijawashwa,
pengine akikimbizwa,
pengine (nawajua bukini) akimkimbiza mtu.

Udongo uwahi ungali maji.
Maaskofu hawakuwahi.
Wafalme wa Sweden, na mizinga yao yote, hawakuwahi.
Bata aliwahi.

Nikalifunga kwa taulo, nikalitia kikapuni,
baiskeli ikalalamika njia nzima.
Bwana Ahlrep, mtunzaji wa makumbusho, akavaa miwani,
akafungua daftari.
"Mbwa tunao kumi na mmoja. Paka wawili.
Kidole gumba cha mtoto, kimoja.
Bukini hatuna."
Akalipakata.
"Limepatikana wapi?"
Banda la kuku, nikasema, nikingoja acheke.
Akaandika: banda la kuku.
"Na mengine?"
Mengine yana kazi, nikamjibu. Kuku wananyeshewa.
Hakuandika hilo.
Nikauliza kama nilisugue kwanza,
maana upande mmoja kinyesi kilikuwa kimegandamana kama chokaa.
"Hapana," akasema. "Hicho nacho kina zama zake."

Saa tisa mchana kengele za mnara zikaanza kupiga wimbo wa zaburi
juu ya kanisa lisilokuwepo.
Palipokuwa na nguzo wamejenga vikuta
vya urefu wa goti, ili tujue zilikosimama.
Watoto wa shule walikuwa wakiruka kutoka nguzo hadi nguzo;
atakayekanyaga chini amezama.
Nikaketi juu ya nguzo ya kusini, kikapu kitupu,
nikihesabu mifuko ya chokaa nitakayohitaji.
Msichana mmoja mwenye buti la njano akanisimamia:
"Mama, sogea. Hapa ndipo pangu pa kutua."
Nikasogea.