Faili la Mstari Mmoja

Mali bila daftari hupotea bila habari, tulifundishwa.
Hakuna aliyetufundisha juu ya daftari lenye vichwa viwili.

Jumanne ile, saa nane na dakika kumi na nne usiku,
umeme ulikatika Kirumba. Jenereta likakohoa, likanyamaza.
Mnara wa mawasiliano ulitangulia kufa;
seva yangu ya Mwaloni ikabaki na betri,
dakika sita, ikiandika peke yake kama mtu asemaye usingizini.
Wewe, Lugoye, ulikuwa macho kule Nansio,
ng'ambo ya maji, na seva yako ya akiba
iliyokuwa ikiniiga neno kwa neno tangu mwaka juzi.
Uliniita, sikuitika. Ukaipandisha cheo.
Ulifanya sawa. Hilo sijawahi kulibisha.

Basi wakati ukachanika pande mbili.
Na mashine yako, kwa adabu yake, ikaandika kikaratasi:
*mkondo wa kwanza uliishia hapa; wa pili unaanzia hapa.*
Mstari mmoja. Faili dogo kuliko jicho la dagaa.

Nililifuta mimi.

Ijumaa diski ilikuwa imejaa, nikaingia kutoka Mwanza,
nikafagia kama anayengoja wakwe:
yaliyozeeka, yaliyojirudia, yasiyo na uzito,
na shajara zote za wiki ile.
Nikajipongeza kwa soda baridi.

Jumamosi nikaiwasha ya kwangu, jana mkuu, leo mfuasi.
Ikanyoosha mkono ng'ambo na kuuliza swali moja tu:
*tuliachana wapi?*
Faili la historia halipo.
Ikauliza tena. Kila sekunde tano ikauliza,
usiku kucha, bila hasira,
na wadudu wa ziwani wakirundikana kwenye kioo cha ofisi.

Ndipo ukakumbuka daftari lako la dizeli.
Lita ishirini, lita kumi na nane, sahihi ya mlinzi,
na pembeni, kwa kalamu inayoisha wino,
namba ya mahali pa kuachana. Ukanipigia picha.
Lugoye, tarakimu ya pili kutoka mwisho:
ni nane ile, au ni B?
Ukakaa kimya. Nikasikia jogoo wa Nansio kwenye simu.
"Nilikuwa na usingizi, Milembe," ukasema.

Ningeweza kuandika mwenyewe mstari ule.
Mashine huamini kilichoandikwa; haitazami macho ya mwandishi.
Nane, ikafuata. B, pengine ingefuata pia,
mpaka siku gunia la mtu lisomeke deni la mwingine.
Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi.
Nikavitoa.

Nilichapa kwanza zile dakika sita:
magunia kumi na moja, lori la kwenda Kongo,
mwenye mali Nabigambo. Basi. Hayo tu ndiyo
yaliyopo kwangu na hayapo kwako.
Kisha nikaifuta seva yangu yote, mzima mzima,
nikapanda feri na diski tupu,
maana kwa mtandao wetu nakala ingefika baada ya mfungo.

Wakati wa kurudi niliipakata, imeviringishwa kitenge.
Mama mmoja mwenye ndizi akauliza nimebeba nini.
Dagaa wote wa Mwanza, nikamwambia, wa miaka mitatu.
Akainusa. "Mbona hawanuki?"
Tukacheka mpaka honi ikalia.

Jumatatu seva ilifuata, kimya, kama haikuwahi kuuliza kitu.
Nikaenda Mwaloni na karatasi yangu,
nikaingiza magunia kumi na moja kwa mkono, mbele yake.
Nabigambo akasoma skrini, kidole chenye magamba
kikishuka safu kwa safu.
"Na siku zote hizo yalikuwa wapi?"

Hapa hapa, mama.
Ila sikujua ni baada ya nini.