Wawili wa Kusimama

Saketi yangu haina saa.
Hakuna moyo mmoja wa kuipigia mapigo.
Kila lango humwambia jirani yake "shika",
na jirani, akishashika, hujibu "nimeshika",
basi, hivyo ndivyo hesabu inavyovuka.

Usiku kucha, Tororo, umeme ukija na kuondoka,
nilinoa malango. Hili nikalipunguzia mzigo,
lile nikalifupishia waya. Nikaendesha jaribio:
tarakimu ileile.
Nikanoa tena. Tarakimu ileile,
imenikodolea macho
kama mdai aliyekwisha kukalia kiti.

Asubuhi mama akanituma nimpelekee Nyafwono chai
kule wanakojenga bweni la wasichana,
mwamba nyuma yao ungali mweusi kwa umande.
Nyafwono ndiye mwenye stoo. Sheria yake moja:
karai la mchanga likitoka, la saruji nalo litoke,
sambamba, kama mapacha.
Mchanga una njia ndefu. Watu saba,
kuzunguka shimo la choo, kupanda ubao.
Saruji, watu wawili tu, imefika.
Na Oboth, pale kwenye koleo,
hachanganyi kimoja. Hungoja vyote viwili.

Nikasimama na birika langu.
Wale wawili wa saruji, makarai kifuani,
hawana pa kuyatua; Oboth hajawageukia.
Nyafwono hana wa kumpa saruji,
kwa hiyo hatoi mchanga,
na kwenye njia ndefu, ya vijana wenye misuli,
watano wanajipepea kwa kofia.

"Wahimize!" akafoka Wandera, msimamizi.
Nyafwono hakumhimiza mtu.
Aliwaita Amoding na Ochwo waliokuwa wakisubiri kibarua,
akawachomeka kwenye saruji, kwenye njia fupi.
"Mkipewa, shikeni. Mbele pakiwa wazi, pitisheni."
"Unataka niwalipe watu wa kusimama?"
"Walipe," akasema, akipuliza chai.

Sikuona hata mmoja aliyeongeza mbio.
Ila mchanga ukajaa njia yake yote,
makarai matupu yakawa yanarudi yakigongana,
na koleo la Oboth halikupata tena
ukuta wa kuegemea.

Nilirudi nyumbani birika likiwa nusu, sikuaga vizuri.
Yale malango niliyoyanoa, nikayaacha na ukali wao.
Nikaenda kwenye njia fupi, ile niliyoiona haina kasoro,
nikaitilia vituo viwili vitupu:
havijumlishi, havizidishi, havijui lolote
ila kupokea, na kungoja, na kupokeza.
Umeme ukakatika. Ukarudi saa tisa.
Tarakimu ikanyanyuka kitini.

Jumamosi, siku ya malipo, nilichungulia daftari la stoo.
Oboth: kuchanganya. Fulani na fulani: mchanga.
Amoding, Ochwo: kusimama.
Na mbele yao, kwa wino uleule,
fedha sawa na za wenzao.