Safu Isiyokuwapo Kwenye Fomu

Kazi yangu ni kuhesabu majeraha.
Mvua ya mawe ikishapita Val di Non
kampuni ya bima hunituma bondeni,
nami hutembea katikati ya mitufaha
na rula, penseli, na viatu visivyoogopa tope.

Julai ile mawe yalianguka dakika tisa,
makubwa kama jozi.
Kwa Notburga Zadra sikuhitaji rula.
Miche ya miaka miwili, magome yamechanika upande wa magharibi,
na mmoja, wa mwisho, karibu na mfereji,
umevunjika kiunoni, unaning'inia kwa ukanda wa gome
usiozidi upana wa kidole.
Niliandika: hasara kamili. Ung'olewe.

"Andika tu," alisema. "Kalamu yako."
Akavua soksi ndefu palepale, akaipasua kwa meno,
akaufunga mche kama afungaye mguu wa kuku.
Nikatazama pembeni. Nina adabu zangu.

Kilichofuata hakikuwa na shahidi.
Chini ya gome kuna utando
mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya yai;
huo uliamka.
Ukazaa seli laini, mbumbumbu, zisizojua kazi,
zikajaa ufani kama uji ulioachwa jikoni.
Neno lililokuwa likishuka kutoka vichipukizi vya juu
lilifika kwenye pengo, likakwama, likarundikana,
na kukwama kwake ndiko kulikoeleweka.
Baadhi zikawa mabomba.
Nyingine zikajenga kuta, kutoka ndani,
tabaka juu ya tabaka,
mpaka zikakosa nafasi ya kuishi.
Kumbe ndiyo nguzo ya mti:
seli iliyokufa imesimama.

Aprili nilirudi, kwa ajili ya shamba la jirani.
Notburga hakunisalimu, alinyoosha kidole tu.
Soksi ilikuwa imemezwa nusu.
Pale palipovunjika pamevimba, pabaya kutazama,
kama goti la mtu aliyesugua sakafu maisha yake yote.
Nikaupinda mche.
Juu ya uvimbe ukapindika,
chini yake ukapindika,
pale penyewe, hapana.

Sisemi umepona.
Nimeona magogo yaliyopasuliwa:
ufa wa zamani umo mlemle, mweusi, mkavu;
mti umeuzunguka tu, ukaendelea na safari.

Fomu yangu ina safu kumi na mbili.
Kipenyo. Idadi. Asilimia.
Nilitafuta pa kuliandika goti lile
hadi Notburga akaniuliza kama nimepotea njia.
"Nilikosea mmoja," nikasema.
"Mmoja?"
Akachukua ndoo yake, akaenda.