Tundu la Kumi na Tisa

Rimu hii ilitoka Gikomba, ndani ya robota
la makoti ya baridi ya nchi za watu.
Ina matundu thelathini na mawili ya spoki
na moja zaidi, la valvu, ambalo hatulihesabu.
Makhulo ameniachia na neno moja:
"Kesho saa kumi na mbili, mikate ya watu iko Karen."

Basi nasugua.
Kitambaa, spiriti, kidole ndani ya kitambaa.
Gundi ya zamani hutoka kama ukoko wa ugali,
kwanza inakataa, halafu inang'oka yote kwa mpigo.
Kidole kikipita hapa na mafuta ya chapati
utepe utajua, na utanisema.

Naanza kiganja kimoja kabla ya valvu.
Kushoto nashika, kulia navuta,
magoti yamebana rimu kama mtoto anayenyolewa.
Vuta. Bandika. Kanda kwa dole gumba.
Ukilegea unakunja uso, ukizidi unakatika,
na kuku wa Jumapili amekwenda.
Juu ya kila spoki utepe unabonyea kidogo,
laini, kama utosi wa kichanga.

Baba alikuwa na kibanda hapa hapa Kariobangi
kabla ya lami. Mtu wa viraka.
Alizamisha tyubu kwenye beseni, tundu likasema bu-bu-bu,
naye akalijibu, "Nimekusikia."
Tairi lisilo na tyubu angeliita nini?
Sufuria ya mvuke bila nyama.
Angecheka mpaka akohoe,
halafu angeuliza bei.

Nafika nilipoanzia, napita, nafunika valvu
kiganja kingine. Nakata.
Sitoboi kwa kisu; kisu hufungua mdomo usiofungika.
Nachoma msumari kwenye jiko la Nyaboke,
unawiva mwekundu, natoboa mara moja,
moshi wa plastiki unatua juu ya mandazi yake
naye ananitukana kwa Kigusii, taratibu, bila kurudia neno.

Kisha utomvu mweupe, kikombe kimoja cha kahawa.
Pampu ya mkono hapa ni bure.
Navuka mtaro hadi kwa wapaka rangi za magari,
naomba kompresa yao dakika moja.
Pa!
Pa!
Mbwa anakimbia. Tairi limeuma rimu pande zote.

Saa tano usiku. Stima zimepotea.
Gurudumu liko kando ya kitanda, nami
nasikia sss.
Si nyoka. Si gesi.
Sauti ndogo kuliko aibu.

Nafumua. Tochi ya simu mdomoni,
utomvu magotini, kwenye shuka, kwenye nywele.
Nahesabu kwa kucha, tundu kwa tundu,
kumi na saba, kumi na nane,
hapo: kiputo kimoja chini ya utepe,
punje ya mtama.
Nakumbuka vizuri.
Ni hapo Baba alipouliza bei.

Wanasema usipoziba ufa.
Mimi ukuta sina. Nina rimu ya mtumba,
nusu chupa ya spiriti, na saa nne za giza.
Nasugua upya. Sifikirii mtu.
Vuta. Bandika. Kanda.
Wapaka rangi wamelala, stima bado,
nami napiga pampu ya mkono, ile ya bure,
kama mwenye deni,
mpaka mabega yaite jina langu,
Ndunge, Ndunge,
na katikati ya matusi
pa.

Makhulo amekuja kukiwa bado na nyota.
Amebonyeza tairi kwa kidole, akaguna,
akapachika gurudumu, akafunga kreti la mikate.
Hakuuliza kwa nini nywele zangu ni nyeupe.
Amekwenda, na mtaa ukabaki kimya nyuma yake,
kimya kizuri, kisichovuja.

Ameisahau tyubu yake ya zamani.
Ina viraka kumi na kimoja.
Vinane ni vya pembe nne, vyangu.
Vitatu ni duara.
Nimeitundika kwenye msumari.
Bado ina hewa kidogo.