Cheche Iliyowahi

Asubuhi ya baridi linawaka vizuri, usidanganyike.
Nakanyaga pedali ya stata, inapiga duru mbili,
silinda sita zinaitikia moja baada ya nyingine,
na kuku wa jirani wanakimbilia chini ya toroli.

Shida ni likishapata moto.
Nikisimama Tambores kununua mkate,
nikarudi na kifuko kwapani, nikakanyaga,
stata inanguruma nusu duru, inagoma, inarudi nyuma
kama mtu aliyesukumwa kifuani mlangoni mwake mwenyewe.

Nimetafuta mchawi kila mahali.
Nilinunua betri. Za volti sita siku hizi ni adimu,
nilingoja wiki tatu iletwe kwa basi kutoka Montevideo.
Nikabadili waya mnene, nikaparuza kutu pale ethi inapofungwa
mpaka chuma kikang'aa kama sahani ya wageni.
Stata ya marehemu baba nikaing'oa,
nikaweka nyingine, iliyosukwa upya Paysandú,
bei yake ndama wawili, na deni juu.
Jino la pembe si dawa ya pengo.
Likipoa, linawaka. Likichemka, linanipiga teke.

Jumamosi akaja Nélida Bentancor,
aliyeziba matairi ya wilaya hii miaka arobaini,
na taa ya neoni ndani ya boksi la viatu, na kipande cha chaki.
Hakugusa stata. Aliisikiliza ikigoma mara moja tu,
akafyonza yerba kibuyuni hadi mrija ukalia kavu.
"Stata yako haina kosa," akasema.
"Inapanda mlima, na juu kuna mtu anaitupia mawe."

Cheche inawahi, ndicho alichomaanisha.
Pistoni bado iko njiani kwenda juu,
moto unawashwa, unaikumba irudi.
Injini ya baridi huwaka kwa uvivu, unasamehewa.
Ya moto haisamehi.

Tukalisukuma likawaka.
Ubavuni, karibu na stata, kuna tundu dogo,
na kwenye flaiwili gololi ya chuma iliyopachikwa kiwandani
mwaka arobaini na saba; alikuwa ameshaipaka chaki.
Taa ikapepesa kwa kila cheche ya plagi ya kwanza.
Tuliinama, vichwa vikigusana, tukachungulia:
tupu. Chuma cheusi, kimegandishwa na mwanga.
Gololi ilikuwa bado mbali huko,
haijaitwa, na moto umeshawashwa.

"Nani alisogeza hii?"
Kidole chake kilikuwa chini ya distribyuta,
kwenye kibati chenye alama, mshale umesukumwa
hadi mwisho kabisa, upande wa kuwahi.
Skrubu ilikuwa na mkwaruzo. Si wa bisibisi.
Wa kisu cha mkate.

Usiku ule wa Juni.
Baba amelazwa Tacuarembó, simu imekatika katikati ya neno,
ukungu barabara nzima, na mimi nimefungua boneti, tochi mdomoni,
kwa sababu niliwahi kusikia kwamba
ukiiwahisha cheche, gari hukimbia.
Nikaiwahisha. Likakimbia, au niliamini linakimbia.
Kilomita arobaini na kitu.
Nilikuta kitanda kinatandikwa.

"Mimi," nikasema.
Nélida hakuuliza zaidi. Akalegeza skrubu,
akaizungusha distribyuta unene wa ukucha, tena unene wa ukucha,
na mle tunduni ikateleza gololi,
nyeupe, ikatulia mbele ya mshale
kama jicho la mtu aliyeamshwa polepole.

Tukaliacha lichemke hadi boneti haishikiki.
Akalizima mwenyewe.
"Kanyaga."
Duru moja na nusu.

Malipo alitaka kilo ya yerba, na chaki yake arudishiwe.
Stata ya baba iko chini ya benchi, nimeifunga kwa shati.
Wiki ijayo nitairudisha mahali pake;
miezi mitano nimeisingizia.
Pedali ni ileile. Bado naikanyaga kwa woga.